Uzoefu wangu: kifaa kilichonionyesha paja langu likipokea amri

Baada ya upasuaji wa goti la kushoto, paja langu liligoma. Nalala chali, naliambia likaze, halikazi. La kulia linatii hata kabla sijamaliza kuwaza. La kushoto limelala tu kama nyama ya mtu mwingine. Mtaalamu wa fiziotherapia akanishauri nitumie kifaa cha kupima umeme wa misuli: kisanduku cha kuenea kiganjani, nyaya na vibandiko, na mchoro unaotokea kwenye simu. Nimekitumia miezi 3, karibu kila siku.

Siku ya kwanza alinibandika juu kidogo ya pia ya goti, upande wa ndani, akaniambia, "Kaka, usihangaike kuinua mguu. Kaza tu, huku unaangalia simu." Nikakaza. Ngozi haikutikisika hata kidogo, lakini mstari kwenye simu uliinuka kama kichuguu, ukashuka. Nilitokwa na machozi. Kumbe amri inatoka ubongoni, inapita uti wa mgongo, na nyuzi chache za msuli zinaipokea! Alinieleza kwamba goti likivimba, neva za kwenye kiungo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na taarifa hizo huzififisha seli zinazoamrisha msuli wa mbele wa paja. Msuli wangu haukuwa umekufa, ulikuwa umezuiwa.

Ninachokipenda zaidi ni mlio wa tahadhari. Kifaa hulia mara moja, kinanyamaza kama sekunde 2, kisha hulia tena: kaza. Nilijaribu kuuzima ule mlio wa kwanza, mstari ukawa unachelewa kupanda. Kile kimya cha katikati kina kazi kubwa. Ndipo sehemu za mbele ya ubongo hupanga tendo, na ubongo wa nyuma, ule mdogo, husaidia kupima wakati na nguvu, kabla amri yenyewe haijashuka. Hata pasipo mlio wowote maandalizi yapo: mwaka 1965 Hans Helmut Kornhuber na Lüder Deecke, watafiti wa Ujerumani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu akisogeza kidole kwa hiari yake, umeme wa ubongo huanza kubadilika sekunde moja au zaidi kabla kidole hakijasogea. Tangu nisome hayo sikurupuki tena. Nauona kwanza mguu ukinyooka akilini, ndipo nakaza.

Jaribio lililonishangaza kuliko yote nililifanya kwa upande wangu mzima. Kibandiko kimoja begani kulia, kingine nyuma ya paja la kulia. Nikasimama, nikainua mkono wa kulia mbele kwa kasi, kisha nikarudisha mchoro polepole. Paja lilianza kabla ya bega! Nilirudia mara kumi na kitu, na karibu kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Ubongo unajua mkono ukienda mbele mwili utayumba, basi unaukaza mguu mapema. Mimi niliamua kuinua mkono tu, la paja sikuliwaza kabisa.

Kasoro zipo. Jasho likitoka vibandiko vinabanduka, na gundi huisha haraka. Ukikosea mahali pa kubandika, kifaa kinakuletea umeme wa msuli wa jirani ukafurahia bure. Namba za leo usizilinganishe na za jana, maana kibandiko kikisogea kidogo tu zinabadilika. Na karatasi ya maelezo inadai kwamba kifaa "kinasoma ubongo". Hapana. Kinasoma umeme wa msuli ulio karibu na ngozi, basi. Wa ubongo hupimwa kichwani, kwa mashine nyingine. Mtengenezaji aliondoe dai hilo, wagonjwa wanaliamini.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti na paja likakataa kuitika, nakipendekeza bila kusita, ila wiki za mwanzo awe na mtaalamu wa kumwonyesha pa kubandika. Kama misuli yako inaitika vizuri, sioni kitakufaa nini.

Kwangu kushuka ngazi bado ni kazi. Jana nilibandika tena paja la kushoto, nikashuka kipandio kimoja, nikarudisha mchoro polepole. Mstari ulianza kupanda mguu ukiwa bado hewani, haujagusa chini.