Mto wa kukalia kwenye kiti cha magurudumu: upi ununue, na uuseti vipi

Kabla ya kuangalia bei, jibu swali moja: mwenye kiti anahisi maumivu makalioni au hahisi? Anayehisi hujisogeza mwenyewe akichoka. Asiyehisi, kwa mfano aliyeumia uti wa mgongo, anaweza kukalia mfupa wake mpaka nyama iliyo chini yake ikose damu na kufa, naye asijue. Mpangilio wa mito hapa chini umemweka huyo mbele, kwa sababu kidonda cha namna hiyo, kiitwacho kidonda cha mgandamizo, kinaweza kuchukua miezi kupona.

Chukua vipimo akiwa amekaa wima. Upana wa mto ulingane na upana wa kiti. Kwa urefu, pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3 hadi 5. Mto mrefu kupita hapo hugota nyuma ya goti na kumsukuma mbele, akaishia kukalia kifandugu.

1. Mto wa hewa wenye vifuko vingi vya raba

Ndio chaguo la kwanza kwa asiyehisi na kwa aliyewahi kupata kidonda. Vifuko vimeunganishwa, hivyo hewa huhama na mifupa huzama bila kugusa chini. Ni mwepesi, unaosheka, ila hutoboka (hakikisha unauzwa na viraka na pampu) na humyumbisha asiye na nguvu za kiwiliwili.

Mto huu ukijazwa vibaya hauna faida yoyote. Ujaze mpaka uvimbe kidogo, kisha akae kama kawaida yake, miguu ikiwa juu ya vikanyagio. Pitisha mkono kati ya mto na kalio, utafute mfupa ulioshuka zaidi. Mkono ukiwa hapo hapo, fungua valvu utoe hewa polepole mpaka ncha za vidole zicheze kwa shida. Kati ya mfupa na sakafu ya mto ibaki nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2.5. Fanya hivyo kila upande, kisha funga valvu. Wengi hukosea kwa kuujaza hadi uwe mgumu, wakidhani hewa nyingi ndiyo nafuu. Hapo mtu huelea juu ya vifuko na mgandamizo unabaki pale pale. Hewa ikipungua mno, mfupa unagota chini. Kagua kila siku, na tena baada ya kupanda au kushuka milima, maana hewa hutanuka ukiwa juu.

2. Jeli juu ya sponji ngumu

Nyumbani pasipo na mtu wa kukagua hewa kila siku, tungechukua huu kabla ya ule wa kwanza. Umetulia, na ni rahisi kuhamia kitandani kutoka juu yake. Lakini ni mzito, na jeli nyingi hukakamaa kwenye baridi. Jeli pia hukimbia chini ya mfupa, kwa hiyo kila asubuhi ikande kwa viganja irudi sehemu ya nyuma. Hakikisha mto haujageuzwa mbele nyuma.

3. Sponji ya tabaka, iliyochongwa kufuata umbo

Humfaa anayehisi na anayeweza kujiinua. Chini iwe ngumu, juu laini. Jua na mkojo huila haraka. Ukibonyeza kwa ngumi ukagusa kiti kilicho chini yake, au shimo la makalio lisipojaa tena baada ya mtu kuinuka, imekwisha.

4. Sponji bapa

Kwa safari fupi tu.

Mto wa duara wenye tundu katikati usinunue kabisa: ukingo wake hukaba damu kuzunguka sehemu ile ile unayotaka kuilinda.

Ukishafika nao

Kitambaa cha kiti kikibonyea, weka ubao bapa chini ya mto, la sivyo mapaja yatakusanyika ndani na nyonga kuinama upande. Foronya iwe ya kuvutika. Usiongeze taulo wala nailoni juu yake. Mto mpya hubadilisha kimo, basi rekebisha vikanyagio mpaka mapaja yalale sawasawa juu ya mto, na vibaki angalau sentimita 5 juu ya ardhi. Angalia pia kama mikono bado inafikia magurudumu vizuri.

Siku ya kwanza akae saa moja au mbili, kisha kagua ngozi. Hata kwenye mto bora, ainame mbele au pembeni kila dakika 15 hadi 30, kwa dakika mbili hivi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo papasa: tafuta joto, ugumu, au rangi iliyokoza kuliko pembeni. Alama isipopotea ndani ya dakika 30, asiukalie mto huo tena mpaka useti upya, na alama ikidumu, muuguzi aione siku hiyo hiyo.