Mashine ya TENS ya chaneli mbili: umeme wake mzuri, mabandiko ndiyo yanayoiangusha

Mashine hii ndogo ya kutuliza maumivu kwa umeme inapatikana kwenye maduka ya vifaa tiba mjini Mwanza. Ina betri ya volti 9, nyaya mbili na mabandiko manne ya sentimita 5 kwa 5. Kwa mgongo wa mtu anayebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, tunaipendekeza, mradi apange mwenyewe mapigo na mkondo wake.

Dukani muuzaji hupenda kuonyesha mapigo 2 hadi 4 kwa sekunde, msuli ukirukaruka, na mteja huondoka akiamini hiyo ndiyo nguvu. Wewe anzia mapigo 80 hadi 100 kwa sekunde, kila pigo likidumu mikrosekunde 100 hivi. Pandisha mkondo taratibu hadi usikie mchonyoto mzito usiouma. Baada ya dakika chache mchonyoto huo utafifia, ongeza kidogo. Dakika 30 zinatosha, na nafuu kubwa huja mashine ikiwa inafanya kazi.

Sababu ya nafuu hiyo iko kwenye uti wa mgongo. Seli ya neva iliyotulia ina takriban milivolti 65 hasi ndani yake, na ili ifyatue ishara lazima hasi hiyo ipungue hadi kiwango fulani. Neva nyembamba za maumivu husafirisha ishara chini ya mita 2 kwa sekunde. Zikigonga mfululizo, kila pigo huikuta seli ya uti wa mgongo inayopokea maumivu haijatulia, basi seli hiyo hujibu kwa nguvu zaidi. Mtafiti wa neva Lorne Mendell alilieleza jambo hili mwaka 1966. Neva nene za mguso ndizo mashine inazoziamsha, nazo huchochea seli za kuzuia zinazoizidishia hasi ile seli ya maumivu, ikawa ngumu kufyatuka. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall waliuita utaratibu huu wa kuzuia lango mwaka 1965. Mchoro wao umerekebishwa tangu hapo, ila wazo la kizuizi limebaki.

Sasa mabandiko. Jasho na mafuta ya dagaa huigeuza jeli kuwa nyeupe, kingo zikajikunja. Mkondo uleule hupita kwenye eneo dogo lililobaki limeshika, na hapo ngozi huchoma kama sindano. Watu huilaumu mashine. Osha ngozi kwa sabuni, ikauke kabisa, bandika pande mbili za uti, mabandiko yakiachana sentimita 3 au zaidi. Jeli ikikauka, tone moja la maji safi huirudisha kwa muda. Isiposhika tena, nunua mapya. Ulizia bei ya mabandiko ya akiba kabla ya kulipia mashine.

Usiiweke mbele ya shingo, juu ya kidonda, wala tumboni kwa mjamzito. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiiguse. Miguu ikilegea, mkojo ukishindwa kuzuilika au ganzi ikiingia sehemu za siri, wahi hospitali siku hiyohiyo.