Lamu kwa Miguu: Matembezi ya Kuongozwa kutoka Mkunguni hadi Ufuo wa Shela

Wageni wengi wanaofika Lamu kwa ajili ya bahari huvuka kwa boti kutoka uwanja wa ndege ulioko kisiwa cha Manda, wakapitiliza moja kwa moja hadi kijiji cha Shela chenye ufuo, na mji wa kale wakauona kwa mbali siku ya kuondoka. Mimi na mke wangu, tuliotoka Nakuru kwa mapumziko ya siku nne, tuliamua kuufikia ufuo kwa miguu. Tulimlipa mtembezaji mmoja, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, shilingi 3,000 kwa matembezi ya asubuhi nzima, na nimeona ni haki kueleza tulichopata kwa fedha hizo na pale ambapo huduma yake inahitaji kurekebishwa.

Tulikutana naye saa moja kasorobo asubuhi Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, kabla jua halijawa kali na kabla punda wa mizigo hawajajaa njiani. Habari za ngome alizieleza kwa ufupi na bila kutia chumvi: ilimalizika kujengwa mwaka 1821, baadaye ikawa gereza hadi mwaka 1984, na leo ni mahali pa maonyesho na mikutano ya wenyeji. Baada ya hapo akanyamaza, akatupeleka walikokaa wazee waliokuwa wakinywa kahawa chungu, akawaamkia mmoja mmoja, nasi tukafuata. Nilitambua mapema kwamba ustadi wake uko hapo hasa. Hakutuhubiria historia, bali alitutambulisha kwa watu, kisha akawaachia wao mazungumzo.

Njia kuu ya mji wa kale, ambayo wenyewe huiita Usita wa Mui, mtu anaweza kuimaliza kwa muda mfupi sana akitaka. Sisi ilituchukua zaidi ya saa moja, kwa sababu kila baraza ilikuwa na salamu yake, na salamu ya Lamu haikatwi katikati. Kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, la nyumba moja tulimkuta mzee akitunga kofia kwa sindano. Nilimwamkia, naye akaitikia: "Marahaba, mwanangu. Ketini kwanza, ndia haikimbii." Mimi niliyezoea kusema "njia" na "mji" nilihitaji muda kuzoea "ndia" na "mui" zao, na mzee alipoona hivyo akaanza kunisahihisha kwa upole, huku akinionyesha vito, yaani vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi ambavyo ndivyo vinavyoifanya kofia moja ichukue miezi kukamilika. Hakuwa na kofia ya kutuuzia, kwa kuwa aliyokuwa akiitunga ilikuwa imeagizwa na mtu wake. Tulikaa naye karibu nusu saa, na mtembezaji hakutazama saa hata mara moja.

Mzee huyo ndiye aliyetufahamisha kwa nini vyumba vya nyumba za mawe ni virefu lakini vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Nilikuwa nimesoma kwamba mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini sikuwa nimeelewa kwamba umbo la nyumba zake limeamuliwa na mti unaokua kwenye maji ya chumvi.

Mke wangu alialikwa ndani na mama mwenye nyumba, akapewa mahamri na chai, akaonyeshwa kiwanda cha nyumba, yaani ua wake wa ndani, na zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani. Mimi na mtembezaji tulibaki nje, kama inavyostahili. Hapo ndipo nilipoona upungufu wa kwanza wa huduma hii: nusu ya maisha ya Lamu imo ndani, kwa akina mama, na mtembezaji mwanamume hawezi kuifikia. Mke wangu aliingia peke yake bila mtu wa kumtambulisha, na ingawa alipokewa kwa ukarimu mkubwa, anasema alijiona kama aliyebisha hodi bila taarifa.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Karibu na mwisho wa mji tuliingizwa katika duka la vinyago na vito vya fedha ambalo halikuwa katika mapatano yetu, na ilikuwa wazi kwamba mtembezaji hupata chochote kwa kila mgeni anayenunua. Tulipomwambia kwamba hatukuja kununua, alitutoa mara moja na akaomba radhi, jambo lililonipendeza, lakini ningependa asiufanye kabisa mtindo huo, kwa sababu unatia shaka kwenye salamu zote njema zilizotangulia.

Kutoka mjini hadi Shela ni takriban kilomita 3. Tuliondoka maji yakiwa yamekupwa, tukapita kando ya bahari, na nashauri kila mtu aulize habari za maji kabla ya kupanga saa. Shela tulisimama chini ya mnara mrefu wa Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, kisha tukatokea mchangani, ambako ufuo unanyooka kwa kilomita 12 hivi bila kivuli chochote. Vilima vya mchanga nilivyodhani ni pambo tu la pwani vina kazi kubwa: huhifadhi maji ya mvua, na visima vinavyounywesha mji vinategemea maji hayo. Pia ndipo watu wa Lamu walipowashinda wavamizi wa Mombasa na Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu alituonyesha mahali mkondo ulipo na nguvu, akatuomba tusiogelee hapo, nasi tukatii.

Turudi kwenye bei. Shilingi 3,000 kwa watu wawili, kwa karibu saa tano, naiona ni ya haki, ingawa nauli ya boti ya kurudi tulijilipia wenyewe, na lingekuwa jambo jema kutuambia hivyo tangu mwanzo. Nguo za heshima mjini ni lazima, na za kuogelea zisubiri ufuoni.

Tumekwisha kupatana naye kwa safari ijayo, ambapo tutakwenda Matondoni kwa waunda majahazi. Amekubali maduka yasiwemo, na dada yake ataandamana na mke wangu.