Kikapu cha ukindu kutoka Buguruni: nilichokipenda, nisichokipenda, na kwa nini sitakiacha

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Kikapu changu ni cha ukubwa wa kati. Kinaingia kilo tano za mchele, nazi tatu, fungu la nyanya na mchicha wa kulaza juu, nami nilikinunua shilingi 12,000 kwa mama anayepanga bidhaa zake chini, nje ya soko la Buguruni, Dar es Salaam. Vidogo vya kubebea mboga kwake vinaanzia 6,000. Makapu makubwa yenye mikono mirefu na mistari ya rangi yanafika 25,000. Mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa ulioshika nafasi ya mfuko wa plastiki, pale pale sokoni unapata kwa 500 au 1,000 kutegemea ukubwa. Kwa hiyo ni kweli, kikapu ni ghali siku ya kukinunua.

Mimi nakaa Tabata, nafundisha sekondari, na nyumbani kwangu mwenye kwenda sokoni ni mimi. Nataja hilo kwa sababu wanaume wenzangu huniuliza kama sioni haya kupita mtaani na kapu mkononi. Sioni. Marehemu baba alikuwa akitoka pwani na samaki wake kwenye pakacha la kuti la mnazi, na hakuna aliyemshangaa. Mzigo wa chakula cha watoto wako una haya gani?

Sasa kikapu chenyewe. Kwa macho tu, vikapu vya ukindu vinafanana. Nilipokuwa nachagua kwa kutazama rangi, yule mama aliniambia, "Mwanangu, huku nje kila kapu ni zuri. Geuza, tazama ndani." Akaniwekea viwili mbele yangu na kunionesha tofauti. Tangu siku hiyo nikikutana na kikapu popote nakigeuza kwanza.

Ukindu ni majani machanga ya mkindu, mti wa jamii moja na mtende unaopenda mabonde yenye maji na kingo za mito. Kuti hukatwa kabla halijafunguka vizuri, likachanwa membamba, likaanikwa mpaka likawa jeupe. Yale yanayotakiwa rangi huchemshwa sufuriani na rangi yake, kisha yakaanikwa tena. Hapo ndipo kazi ya kusuka inapoanza, na kinachosukwa kwanza ni ukili, mkanda mrefu wa upana wa vidole viwili au vitatu, unaopimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukili ukishatosha unashonwa kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, unazungushwa kuanzia kitakoni kwenda juu, ukingo mmoja ukilalia mwingine, hadi kikapu kisimame.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayokuonesha kikapu kitachakaa wapi. Ukili wenyewe ni mgumu sana, haukatiki ovyo. Kinachoachia ni mshono, na unaachia sehemu mbili: kitakoni, panaposuguliwa na sakafu, na pale mikono inaposhikizwa. Kikapu cha bei rahisi mikono yake imetobolewa ukingoni tu, ikafungwa fundo kwa ndani. Ukikijaza viazi, uzito wote unaning'inia kwenye vitobo viwili. Changu mikono imeteremka ubavuni, ikapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, kwa hiyo mzigo unakaa juu ya kamba. Tofauti ya bei ilikuwa kama elfu tatu hivi. Toa hiyo elfu tatu.

Nilimuuliza pia kuhusu mikindu yenyewe, maana haina maana kuikimbia plastiki kwa kuumaliza mti. Akaniambia ndugu zake wanaomletea mzigo kutoka Mkuranga hawakati kuti zote za shina moja. Wanachukua moja au mbili na kuacha nyingine zikue, kwa kuwa shina likikatwa kila kitu linadumaa na mwaka unaofuata hawana cha kusuka. Nilifurahi kumsikia akilijua hilo bila kulitafuta. Bei yake sikuibishia. Mtu aliyechana, akaanika, akasuka pima baada ya pima na kushona kwa mkono, mimi nikamwambie apunguze ili nibaki na nauli ya daladala? Hapana. Kwenye nyanya nitapatana, kwenye kazi ya mikono ya mtu silioni jambo hilo kuwa sawa.

Sokoni kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Vigumu vinakaa chini: viazi, vitunguu, nazi. Nyanya naziweka kwenye bakuli la plastiki gumu ambalo tulikuwa nalo nyumbani miaka mingi, maana nyanya za Buguruni zikiiva zimeiva kweli. Mchicha, matembele na kisamvu vinalala juu, na hapa ndipo kikapu kinapoushinda mfuko wowote. Hewa inapita. Mboga haitoki jasho, na ninapofika Tabata, hata kama foleni ya Barabara ya Mandela imenikalisha, mchicha bado umesimama.

Samaki na nyama ni shughuli nyingine. Kikapu hakizuii maji, na maji ya samaki yakiingia kwenye ukindu harufu haitoki kwa wiki. Kwa hiyo nabeba ndoo ndogo yenye mfuniko ndani ya kikapu. Mwenye bucha mwanzoni aliitazama ndoo yangu kama kitu cha ajabu. Siku hizi anaiweka mwenyewe kwenye mzani, anatoa uzito wake, kisha anapima nyama. Chapati na vitumbua nachukulia kwenye hotipoti. Mafuta ya kula nanunua ya kupima, chupa ni yangu. Unga, sukari na maharage naweka kwenye vifuko ambavyo mke wangu alivishona kutoka kwenye kanga zilizochakaa.

Ukiangalia orodha hiyo, hakuna kitu kipya ndani yake. Watu wakizungumza kuhusu maisha ya kutunza mazingira, utadhani ni jambo la kuagizwa kutoka nje, la wenye pesa, lenye vyombo vya kioo vya kupendeza. Uswahilini mafuta ya kupima yapo, unga wa kupima upo, mzani upo, maziwa unapimiwa kwenye kopo lako. Duka la Mangi, lile duka dogo la mtaani, limekuwa likiuza hivyo tangu mimi mtoto. Kilichopotea katikati ni mtu kutoka nyumbani na chombo chake, kwa sababu mfuko wa Rambo, ule wa plastiki laini, ulikuja ukawa wa bure.

Rambo tuliagana nayo tarehe 1 Juni 2019, katazo la mifuko ya plastiki lilipoanza Tanzania Bara. Zanzibar walishatangulia mwaka 2006, Kenya wakapiga marufuku yao Agosti 2017. Faini ya kukutwa nao kwetu ilianzia shilingi 30,000, na nakumbuka wiki zile za kwanza vikapu viliibuka sokoni kama uyoga baada ya mvua. Halafu taratibu vikarudi mafichoni. Vifungashio vile vyembamba vinavyong'aa, ambavyo vilikusudiwa kufungia bidhaa tu, vikageuka kuwa mifuko ya kubebea, mpaka serikali ikabidi ivikataze kutumika hivyo mwaka 2021. Nenda sokoni leo jioni utavikuta. Sheria inaweza kumzuia mtu kutengeneza Rambo. Haiwezi kukutoa wewe nyumbani na kikapu.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kikapu chenyewe. Tabata ninakoishi palikuwa dampo la jiji. Moshi, inzi na harufu vilikuwa sehemu ya maisha ya watu wa hapa, mpaka wakaishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, kesi namba 299 ya mwaka 1988. Jiji lilipoomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka, Jaji Lugakingira alikataa, akaihusisha hali hiyo na Ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Ni kesi ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo, na ilitoka mtaani kwetu, kwa watu wa kawaida waliochoka.

Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kesi hiyo, na huwa nawauliza swali moja: taka zilikwenda wapi baada ya Tabata kushinda? Zilikwenda Kunduchi Mtongani, kisha Vingunguti. Baadaye Mtoni. Leo malori yanapandisha Pugu Kinyamwezi, na huko nako wanaishi watu wenye watoto na madirisha. Zile zisizofika dampo zinaingia kwenye mitaro, mitaro inaingia Mto Msimbazi, na Msimbazi unaotokea vilima vya Pugu unazibeba mpaka Jangwani, kisha baharini karibu na Daraja la Salender. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani inafungwa kwa maji, nasi wote tunalalamikia mafuriko.

Mimi nimenufaika na ushindi wa watu wa Tabata. Nimejenga hapa, nafungua dirisha usiku. Siwezi kunufaika hivyo halafu kila Jumamosi nikapeleka mifuko yangu kumi kwa jirani wa Pugu. Nililelewa kwamba kufagia uwanja wako na kusukumia takataka kwa jirani ni utovu wa adabu, na sioni kwa nini adabu hiyo iishie kwenye uzio wa nyumba. Ndiyo maana nabeba kikapu. Najua hakitasafisha Msimbazi. Nakibeba kwa kuwa kinanifanya niishi kama ninavyosema darasani.

Turudi kwenye bidhaa, maana kina udhaifu wake.

Unyevu ni adui namba moja. Wakati wa masika, kikapu kilichowekwa kwenye kona isiyo na hewa kinaota ukungu wa kijivu ndani ya siku chache. Changu nakitundika kwenye msumari jikoni, mbali na sakafu, na kikilowa nakianika asubuhi. Jua kali la mchana kutwa nalo linakifanya kiwe kikavu mno na nyuzi zinaanza kukatika pembezoni. Kusafisha, kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Usikiloweke kwenye beseni.

Rangi inatoka. Chenye mistari ya zambarau na nyekundu kikilowa kinaweza kuacha alama kwenye shati jeupe. Kama unavaa kanzu kwenda sokoni siku ya Ijumaa, nunua cheupe kisicho na rangi.

Kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni ni mtihani. Hakikunjiki. Konda mzuri atakuelekeza ukiweke karibu na dereva. Asiye mzuri atataka umlipie kiti. Pia hakina mfuniko, na Buguruni ni Buguruni, hivyo simu na pesa visikae humo. Mke wangu, ambaye anapitia sokoni akitoka kazini, amebaki na mfuko mbadala unaokunjwa ukaingia kwenye pochi, na namwelewa. Ila wanunuzi wajue kwamba mfuko ule, pamoja na kuonekana kama kitambaa, ni polipropilini, na polipropilini ni plastiki. Ndiyo maana kiwango kimewekwa cha uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili udumu na utumike tena na tena. Ule mwepesi unaopitisha mwanga, unaochanika kabla hujafika kituoni, usiuchukue hata ukipewa bure.

Matengenezo, kwa upande mwingine, ni furaha. Mkono mmoja uliachia mshono, nikampelekea fundi viatu aliye chini ya mwarobaini karibu na kituo chetu. Akaushona kwa uzi wa viatu, akaniomba 1,500, na sasa upande ule ni imara kuliko ulipotoka kwa msusi. Niambie ni mfuko gani wa dukani utaupeleka kwa fundi.

Nimewahi kushika vikapu vya Iringa vya milulu, aina ya nyasi. Ni vizuri ajabu, vimesukwa kwa kubana, na vinasimama wima bila kitu ndani. Kwa kuweka mkate, matunda mezani au nguo za mtoto ningekichukua cha Iringa. Kwa viazi na nazi za kila wiki ninabaki na ukindu, kwa sababu unanyumbulika, unapanuka kidogo ukijaza, na ukigonga mguu wa mtu sokoni haumwumizi. Kiondo cha katani cha wenzetu wa Kenya nacho ni kigumu sana kuchakaa, lakini hapa Dar nimekikuta kwenye maduka ya wageni tu, kwa bei ya wageni.

Kwa anayetaka kwenda: mzigo wa Mkuranga huwa unaingia mwanzoni mwa wiki, na ikifika Ijumaa vile vyenye mikono iliyopita kitakoni vimekwisha, vimebaki vya fundo. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, akiwa bado ana nafasi ya kukutolea vya ndani ya gunia. Kigeuze, vuta mikono kwa nguvu zako zote mbele yake, hatachukia. Na ukiwa na 18,000 chukua cha kati pamoja na kidogo cha mboga, mtoto apate cha kubeba mkiwa mnaongozana.