TAHADHARI: Msikodi ile Kosta yenye vitanda ya Njiro, mwenye nayo ni tapeli

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa na hasira mpaka vidole vinatetemeka. Wengi mmenipigia kuuliza safari ya Mlalo imekuwaje na mbona sikuweka hata picha moja, nikawajibu kwa mkato kwa sababu aibu ilinibana. Sasa nasema yote, maana jana nimeliona tangazo. Gari lile lile, picha zile zile, "kempa safi ya familia, haijawahi kusumbua, karibuni likizo ya Desemba". Hapana. Siwezi kukaa kimya watoto wa wenzangu wakapakiwa mle.

Mama mnamjua na mgongo wake. Msiba wa mwezi wa sita mnaujua pia, na mnajua tangu siku ile alichokuwa anaomba ni kimoja tu: apelekwe kwao Mlalo akasimame kwenye kaburi la wazazi wake. Kupanda basi hawezi, na Noah tuliyonayo anakaa amekunjika mpaka akishuka hawezi kusimama. Ndiyo maana nilipoona picha za Kosta iliyogeuzwa nyumba, vitanda vinne, jiko la gesi, sinki, friji, mapazia, nilisema Mungu amesikia. Mama angelala njia nzima na watoto wangekaa na bibi yao.

Tulikwenda kwenye yadi yake asubuhi mapema. Yeye ndiye aliyechagua saa. Kosta imeoshwa inang'aa, rangi ya maziwa, ubavuni amechora Mlima Meru na twiga. Mapazia yamepigwa pasi. Juu ya kila mto ameweka pipi, moja moja. Mwenyewe kavaa shati la mikono mirefu, kalamu mfukoni, anaongea taratibu kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Akamshika mama mkono, akamuuliza kwao ni wapi. Mama alivyotaja Mlalo, jamaa akabadili lugha pale pale, akamwamkia kwa Kisambaa. Mama yangu alicheka. Nawaambia alicheka, mama ambaye tangu msiba hatujaona meno yake, akasimama pale yadini akiulizana na yule mtu habari za Lushoto, nani ni mtoto wa nani, nani alihamia Tanga. Niambieni nani kati yenu angeanza kumkagua mtu wa namna hiyo kama mwizi.

Na si kwamba hatukuangalia gari. Tuliangalia! Aliinua mwenyewe kifuniko cha injini pale mbele, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akachomoa tena akamwonyesha Baba Eliya: oili ya dhahabu, safi, kama imetoka dukani. Akawasha injini. Ikaunguruma vizuri. Kisha akaniita mimi, "Dada yangu, wanaume wanapenda kelele za injini, wewe njoo utazame hapa." Akanionyesha mshale wa joto. Uko katikati kabisa. "Huu ukiwa hapa, dada, mama alale." Tukazunguka naye barabara ya Njiro, mshale katikati. Baba Eliya akaomba tuipandishe kidogo Ilboru tuione kwenye mlima, jamaa akasema njia ile ina foleni saa hizo na ana mteja mwingine anayesubiri. Tukarudi. Mshale katikati.

Bei ilikuwa shilingi 250,000 kwa siku na amana 1,500,000, "inarudi yote mkishusha mizigo". Tulilipa kwa simu, jina likaja la mwanamke. Akasema ni mke wake, ndiye anayeshika hesabu. Akatoa karatasi ya mkataba, tukasaini kwa haraka kwa sababu mama alishapandishwa na jua lilikuwa linatoka. Halafu, na hapa ndipo damu inanichemka zaidi, akatuomba tufumbe macho, akaweka kiganja juu ya Kosta ile akaiombea safari. Akataja jina la mama yangu kwenye sala. Mtu anajua alichokifanya kwenye injini ile, na anasali.

Mpaka Moshi hatukuwa na neno. Kibo ilikuwa wazi, watoto wanapiga picha, mama kajilaza anatuhadithia walivyokuwa wanashuka Mombo kwa miguu enzi zake. Sinki tulilifungua mara moja tu, maji yakamwagika sakafuni, chini hakuna bomba wala ndoo. Friji haikuwaka. Tukasema haya madogo. Kabla ya Same trafiki akatusimamisha, akataka pembetatu na kizimamoto. Hakuna kimoja. Faini 30,000. Nikampigia mwenye gari, akasema pole dada, utanikumbusha nitarudisha. Tukapita Makanya na Hedaru kwenye lile joto lake, barabara tambarare, upepo unaingia, mshale katikati.

Mnaoijua njia ya Mombo kwenda Lushoto mnajua ikoje. Ni kama kilomita 33 tu lakini unapanda tangu unapoacha barabara kuu, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Tulikuwa hatujafika Soni. Mama akauliza kutoka kitandani, "Nani anapika pilau?" Tukadhani anaota. Kisha na mimi nikaisikia, harufu ya binzari, kabisa, ndani ya gari. Nikamwambia Baba Eliya, akatazama dashibodi, akasema mbona mshale uko katikati. Hakumaliza kusema. Mvuke ukatoka chini ya kifuniko cha injini, pale pale kati ya dereva na abiria, ukajaa gari zima, watoto wanapiga kelele, na injini ikazima.

Injini ikizima mlimani pedali ya breki inakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito. Kosta ikaanza kurudi nyuma. Baba Eliya amekanyaga kwa miguu yote miwili, mimi nimevuta breki ya mkono mpaka juu, haishiki kitu, imelegea tu mkononi. Eliya na binamu yake wakaruka mlangoni wakatafuta mawe, wakayasukuma nyuma ya tairi. La kwanza likapondwa likateleza. La pili likashika. Mama alikuwa kitandani, hawezi kuamka mwenyewe, analitaja jina la baba. Ukingo wa barabara ulikuwa karibu mno, siwezi kuuandika.

Dereva wa lori la kabichi lililokuwa linashuka ndiye aliyetusaidia. Kaka yangu alishashika kitambaa aende kufungua mfuniko wa rejeta, pale panapokaa maji ya kupozea injini, yule dereva akapiga kelele toka kwenye kibini, "Usifungue! Yatakurukia usoni!" Akashuka, akakata matawi akayaweka barabarani nyuma yetu kwa kuwa pembetatu hatuna, akatuachia dumu la maji na namba ya fundi wa Mombo. Mungu ambariki popote alipo.

Fundi alikuja na bodaboda. Alisubiri injini ipoe kabisa ndipo akafungua. Maji yaliyotoka yalikuwa ya njano, mazito, yananuka mchuzi. Akasema rejeta imetoboka siku nyingi na mtu amemwagia unga wa binzari ili uvimbe na kuziba matundu. Kwenye barabara tambarare inavumilia. Kwenye mlima injini inafanya kazi nzito, joto linapanda, tope lile linaziba njia za maji na rejeta haipozi tena. Mfuniko wake nao mpira umekufa, haushikilii presha, na bila presha maji yanachemka mapema. Halafu akaanza kufuata nyaya. Akaniita nione kwa macho yangu. Waya wa sensa ya joto umekatwa, na ule unaokwenda kwenye geji, yaani kwenye ule mshale, umefungiwa kirizista kidogo na kuzungushiwa selotepu nyeusi. Kazi yake ni moja: mshale usimame katikati hata injini ikiwaka moto. Nilikishika kwa vidole vyangu. Kidogo kuliko punje ya mchele. Ndicho kile alichoniita nikitazame, akaniambia mama alale.

Hiyo si gari bovu, jamani. Gari bovu sote tunazo. Huyu ameketi akafikiria namna ya kumficha dereva kwamba injini inaungua, kisha akaweka vitanda na kukodishia watu wenye watoto na wazee. Huyo ni muuaji ambaye bado hajapata maiti.

Nikampigia. Pole yote ikaisha siku hiyo. "Mmeniulia injini. Mmesaini mkataba." Nikaangalia mkataba kwenye mwanga wa simu, kweli upo mstari, kwa herufi ndogo, kwamba mteja atawajibika kwa uharibifu wowote wa injini. Kesho yake akaja na brekidauni na vijana, wakavuta Kosta yao wakatuacha kandokando ya barabara na magodoro yetu, vyombo, na mama amekaa juu ya begi. Amana hakurudisha, na akadai tumwongezee 3,000,000 za gasketi na kupasua injini, la sivyo anatupeleka mahakamani. Mama alirudishwa Arusha kwa gari la kukodi Mombo, amelala viti vya nyuma. Mlalo hakufika.

Sasa sikilizeni nilichokuja kujua baadaye, maana nimezunguka kwa mafundi wa mtaa wa Unga Limited kuuliza. Gari lile linajulikana! Kuna familia ya Moshi lilichemsha nao wakipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, mshale katikati vile vile, mkataba ule ule, amana ikaliwa vile vile. Kwa hiyo hapati faida kwenye kodi ya siku. Faida yake ni gari liharibike likiwa mikononi mwenu. Analivuta, anamwaga binzari nyingine, anabadilisha oili, anapiga pasi mapazia, anaweka pipi.

Fundi alinieleza mambo nikayaandika nyuma ya ule mkataba. Injini ikiwa imewashwa sasa hivi, ya baridi, mshale lazima uwe chini na upande polepole. Ukiukuta katikati tangu mwanzo kimbia. Oili ya dizeli inayofanya kazi huwa nyeusi baada ya muda mfupi tu, ile ya dhahabu imemiminwa jana yake. Mfuniko wa rejeta fungua injini ikiwa imepoa, nusa. Jaribu gari mlimani, akikataa ondoka. Namba za gari zilikuwa za njano, za mtu binafsi, wakati gari la biashara ni namba nyeupe. Jina la kwenye malipo si lake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa. Yapo na mengine, mwenye swali aniulize.

Lakini mimi nataka huyu mtu afungwe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu kipo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, hadi miaka 7. Miaka 7 ni michache kwa mtu aliyemlaza mama yangu juu ya injini inayoungua! Nataka gari lile lishikwe, nyaya zile zipigwe picha na mkaguzi wa magari wa polisi, na asikabidhiwe tena usukani wala mteja mpaka anazeeka. Na huyo mke wake anayepokea fedha naye aulizwe. Namba waliyopokelea nimeituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli wa simu.

Jina lake silitaji hapa kwa sababu mpelelezi ameniomba nisubiri asije akatoroka, na nampa heshima yake. Anayetaka kukodi gari la kulala maeneo yale anitumie ujumbe, nitamwambia pembeni kama ni huyo. Mkiona twiga na Mlima Meru ubavuni, hamhitaji kuniuliza.

RB ya polisi ninayo, kirizista ninacho kwenye bahasha, fundi wa Mombo amekubali kuja kutoa maelezo. Ile familia ya Moshi nao wamekubali. Jumatatu saa 3 asubuhi tunakwenda kituoni wote pamoja. Kama Kosta ile ilikuharibikia na wewe ukalipa ukanyamaza, njoo na mkataba wako.