OpenLearn: kozi ya hesabu bila ada, nilivyoiona mimi muuza dagaa

Nyota nne kati ya tano.

Nanunua na kuuza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, kazi ilisimama na sisi tukabaki kupiga soga. Binti wa dada yangu, amemaliza kidato cha nne, akanionyesha OpenLearn, tovuti ya masomo ya bure ya Open University ya Uingereza. Tukachagua utangulizi wa utunzaji wa hesabu za biashara.

Kizuri cha kwanza, kozi nzima unaipakua kama PDF, bando linaguswa mara moja tu. Tukaiprinti steshenari ya Mwanga, na hapo ndipo bure ilipoanza kudai hela, ukurasa kwa ukurasa. Hata hivyo ni nafuu. Kuna tovuti nyingine, jina nalihifadhi, ilininywea bando kwa video, halafu nilipofika kwenye mtihani ikataka dola kwa kadi ya benki. Kadi naitoa wapi, na hela zangu zote ziko kwenye simu?

Masomo yanaanza na sehemu na asilimia mpaka unahisi umerudishwa darasa la tano, kisha linakuja somo lenyewe: kila muamala unaandikwa pande mbili, na mali lazima ilingane na mtaji ukijumlisha madeni. Nikichukua magunia kwa mali kauli, mzigo wangu umeongezeka, na deni ninalodaiwa na mwenye mtumbwi limeongezeka vilevile. Mvua ikiwakuta dagaa chanjani wakaoza, deni liko palepale. Kilicholiwa ni mtaji wangu. Hilo nilikuwa nalihisi tumboni tu, sasa naliona kwenye leja, yaani daftari la hesabu, na nikipanga bei na mteja wa Dar sibahatishi.

Nyota niliyoikata ni ya lugha. Kozi ni ya Kiingereza, mifano ni ya paundi, na ukikwama hakuna mwalimu wa kumuuliza. Watafiti wa kozi za bure za mtandaoni wamekuta mara nyingi wanaomaliza hawafiki 15 kati ya 100. Sishangai. Sisi tulimaliza kwa sababu tulikuwa wawili, na ziwa lilikuwa limefungwa.

Leseni yao inaruhusu kunakili na hata kutafsiri, mradi utaje chanzo na usiuze. Kwa hiyo binti ameanza kuandika sehemu ya leja kwa Kiswahili, paundi zimegeuka shilingi na bidhaa ni dagaa, wanawake tunaoanika nao waisome.

Ukimaliza unapewa hati ya kushiriki, nayo bure, ila usiitegemee kuombea kazi. Mwenye haja ya shahada akaulize kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hapa mkoani, na ada aiandae.