Namba 1192: simu ya bure kwa familia yenye mraibu

Jioni moja mwezi uliopita, jirani yangu hapa Likoni, Mombasa, aliniletea kabambe yake isiyo na salio, akaniomba nimpigie simu ya msaada kwa sababu mwanawe alikuwa amepatwa na arosto, yale mateso ya kukosa dawa za kulevya alizozizoea: halali, hatulii, anatapika na kulia kwamba mifupa inamuuma. Tulipiga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya, ambayo hupokelewa usiku na mchana bila malipo. Suala la malipo si dogo. Siku mbili kabla yake mama huyo alikuwa amepiga namba nyingine, isiyo ya bure, akaelekezwa kwa Kiingereza abonyeze moja, kisha tatu, muziki ukapigwa, na salio likamalizika kabla hajazungumza na mtu.

Safari hii alipokea mwanamke, akamsalimu kwa Kiswahili, akamwacha aeleze mpaka akamaliza. Aliuliza kijana anatumia nini, anavuta au anajidunga, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Kisha akaeleza kwamba arosto ya unga, yaani heroini, ni mateso, lakini hatari kubwa zaidi huja pale mtu aliyeacha kwa siku kadhaa anaporudia kipimo chake cha zamani, kwa kuwa mwili umeshapoteza uzoefu na pumzi inaweza kukatika. Mama alinitazama kimya. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo.

Mwishoni alielekezwa kwenye kliniki ya Kisauni inayotoa methadone, dawa ya kumsaidia mraibu wa heroini kuacha, ambako mgonjwa hunywa dawa hiyo ya maji kila siku mbele ya mhudumu. Hapa ndipo simu inapofikia kikomo chake: haimtibu mraibu wala haimfikishi kliniki, na kwa mtu wa Likoni safari hiyo ni feri na matatu kila siku ya Mungu, kwa nauli ya familia. Anayetarajia gari la wagonjwa atavunjika moyo. Anayetaka kusikilizwa na kuonyeshwa njia, naisifu kwake bila kusita.

Ningependa sana namba hii ibandikwe kivukoni, wanakopita watu wengi. Kwa sasa mama ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wake, na juzi mwenzake wa nyumba ya tatu alikuja kuinakili.